Maisha ya Coleridge na Daktari Aliyempokea Nyumbani

Wanafunzi wa vidato vya juu ninaowafundisha Kiingereza wanamjua Samuel Taylor Coleridge kwa shairi lake refu la baharia mzee aliyemwua ndege mkubwa baharini. Wengi wao wamesikia pia kwamba mshairi huyu alikuwa akitumia kasumba, na kila mwaka huniuliza swali lile lile: je, ni kasumba iliyompa mashairi yake? Jibu la kweli ni refu, wala halitoshi katika kipindi kimoja cha darasani. Kwa hiyo nimemwomba mhariri anipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nieleze maisha ya mtu huyu, hasa maumivu yake, uraibu wake, na habari za daktari mmoja aliyemtunza kwa muda wa miaka 18. Naamini habari hizi zitawafaa wazazi pia, kwa maana ugonjwa uliompata Coleridge haukuishia Ulaya. Uko hata katika miji yetu ya pwani.

Coleridge alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1772 katika mji mdogo wa Ottery St Mary, jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, na tena mwalimu mkuu wa shule ya mji huo. Samuel alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alimpenda mno, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimwonea wivu. Alikuwa mtoto wa kusoma kuliko kucheza. Siku moja, akiwa na umri wa miaka 7 hivi, aligombana na kaka yake kwa ajili ya kipande cha jibini, akakimbia nyumbani kwa kuogopa kupigwa, akalala kando ya mto Otter. Usiku ule ulikuwa wa upepo na mvua. Watu walimtafuta mpaka kukapambazuka, wakidhani amezama. Asubuhi alipatikana amekakamaa kwa baridi, hawezi kusimama wala kutembea. Yeye mwenyewe aliamini kwamba homa zilizomrudia kwa miaka mingi zilianza usiku huo.

Mwaka 1781, mtoto akiwa karibu kutimiza miaka 9, baba yake alifariki ghafula. Mwaka uliofuata alipelekwa London, katika shule ya bweni iitwayo Christ's Hospital, iliyowapokea mayatima na watoto wa watu wasio na mali. Chakula kilikuwa haba na fimbo zilikuwa nyingi, kwa hiyo wanafunzi wetu wa bweni wasidhani kwamba wao ndio wa kwanza duniani kulalamikia chakula cha shule. Huko Coleridge alisoma Kiyunani na Kilatini kwa sifa kubwa, lakini huko huko mwili wake uliharibika. Siku moja aliogelea kuvuka mfereji uitwao New River akiwa amevaa nguo zake zote, kisha akaziacha zimkaukie mwilini. Akashikwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huvimbisha viungo na kuleta maumivu makali. Sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho shuleni alilala katika chumba cha wagonjwa.

Hapa yanipasa kueleza dawa iliyotumika siku zile. Kasumba ni utomvu wa tunda la mpopi. Ukiloweka kasumba katika pombe kali unapata maji ya rangi ya hudhurungi yaitwayo lodanamu. Dawa hii ilikuwa ndiyo kimbilio la kila mtu katika Uingereza ya wakati huo. Iliuzwa katika maduka ya dawa na hata ya vyakula kwa peni chache, bila cheti cha daktari. Watu waliinywa kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa maumivu ya meno, kwa kukosa usingizi. Kina mama waliwapa watoto wachanga ili wanyamaze. Haikuhesabiwa kuwa jambo la aibu. Sheria ya kwanza ya kuzuia uuzaji wake huko Uingereza ilitoka mwaka 1868, na Coleridge alikwisha kufa zamani. Basi kijana huyu alipoanza kunywa lodanamu hakuwa mhuni aliyetafuta anasa. Alikuwa mgonjwa aliyetumia dawa iliyotumiwa na majirani zake wote. Barua zake zaonyesha kwamba tangu alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1791, alikuwa tayari akiitumia kasumba kwa maumivu yake.

Cambridge alitoka mwaka 1794 bila kupata digrii. Kabla ya hapo alikuwa amekimbia madeni, akajiandikisha katika jeshi la wapanda farasi kwa jina la uongo, naye hakuweza hata kukaa sawasawa juu ya farasi. Ndugu zake wakamtoa. Mwaka 1795 alimwoa Sara Fricker, na muda si mrefu akapata urafiki na mshairi William Wordsworth. Marafiki hawa wawili waliishi karibu karibu katika nchi ya Somerset, wakatembea pamoja vilimani na kuzungumza juu ya ushairi mchana na usiku. Matunda ya urafiki huo ni kitabu kiitwacho Lyrical Ballads, kilichotolewa mwaka 1798, na shairi la baharia mzee limo humo. Coleridge alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Mashairi yake yaliyo bora karibu yote yalitungwa katika mwaka ule mmoja na nusu, alipokuwa na rafiki wa kweli, afya ya kadiri, na kasumba kidogo. Wanafunzi walishike jambo hili, maana nitalirudia.

Mwaka 1800 alihamia Keswick, kaskazini, katika nchi ya maziwa na milima. Ni nchi nzuri kwa macho, bali mvua yake ni nyingi na ukungu hauishi. Kwa mtu mwenye baridi yabisi, hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Magoti yake yalivimba, akalala kitandani kwa majuma mengi. Ndipo akasoma katika jarida moja la waganga habari za mtu mwenye magoti kama yake, aliyepona kwa kujipaka lodanamu na kuinywa pia. Naye akajaribu. Maumivu yakaondoka kana kwamba ni muujiza. Akainuka, akatembea, akala, akafurahi. Lakini siku chache baadaye maumivu yakarudi, akanywa tena. Yakarudi tena, akaongeza. Hivyo ndivyo mlango ulivyofungwa nyuma yake, naye hakusikia hata ufunguo ukigeuka.

Tangu hapo, kwa muda wa miaka 15, maisha yake ni habari ya mtu anayepigana na kushindwa. Mwaka 1804 alikwenda Malta, akitumaini kwamba jua la huko litamponya. Alifanya kazi nzuri kwa gavana wa kisiwa hicho, hata akashika cheo cha katibu wa serikali, lakini kila usiku alirudia chupa yake. Aliporejea Uingereza mwaka 1806 marafiki zake hawakuamini macho yao: alikuwa amenenepa, uso umepauka, macho hayana nuru. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kwa kweli ijapokuwa si kwa sheria, na watoto wake watatu walilelewa zaidi kwa msaada wa shemeji yake, mshairi Robert Southey. Mwaka 1808 alialikwa kutoa mihadhara London. Mara nyingi watu walijaa ukumbini wakapata habari kwamba mhadhiri ni mgonjwa. Mwaka 1810 aligombana na Wordsworth. Rafiki baada ya rafiki alichoka naye.

Mwaka 1814, akiwa Bristol, alifika chini kabisa. Rafiki yake wa zamani, mwuza vitabu Joseph Cottle, aliona kwamba mikono ya Coleridge yatetemeka hata hawezi kuinua bilauri bila kumwaga. Cottle aliandika baadaye kwamba wakati mmoja mshairi alikuwa akinywa karibu lita 2 za lodanamu kwa juma, na siku moja alikunywa karibu lita 1 kwa saa 24. Mgonjwa wa kawaida alipewa matone 20 au 25 tu! Kiasi alichokunywa Coleridge kingewaua watu wengi wasiozoea. Yasimuliwa kwamba alimwajiri mtu amfuate njiani na kumzuia asiingie katika duka la dawa, kisha yeye mwenyewe akamwamuru mtu huyo aondoke mlangoni ampishe. Alitaka hata kuwekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili ili alindwe na nafsi yake, lakini hakuwa na fedha.

Marafiki walikuwa na maoni mawili. Cottle alimwandikia barua ya kumkaripia na kumwonya. Southey alisema waziwazi kwamba Coleridge hana ugonjwa mwingine ila ulegevu. Akitaka kuacha ataacha. Coleridge aliwajibu kwa uchungu. Alisema, kwa kifupi, kwamba kumwambia mtu wa namna yake ajitahidi ni sawa na kumwambia mtu aliyepooza mikono aisugue mikono yake pamoja ili ipone. Kwa maana kitu kilichougua ndani yake ni ule uwezo wenyewe wa kutaka na kutenda. Akasema tena kwamba hakunywa kwa kutafuta raha, bali kwa kuogopa maumivu. Hawakumwamini.

Nani alikuwa na haki? Leo tunajua mambo ambayo Southey hakuyajua. Mtu akitumia kasumba au dawa za jamii yake kila siku, mwili wake huizoea, na kiasi kilichotosha jana hakitoshi leo. Pili, akiikosa, mwili humgeuka: hutetemeka, hutoka jasho, hutapika, huhara, mifupa humwuma, usingizi humkimbia. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Tatu, na hili ndilo lililo la ajabu, kasumba ikitumiwa muda mrefu yaweza kuufanya mwili usikie maumivu kwa ukali zaidi kuliko kwanza. Dawa iliyoitwa izime moto huanza kuwa kuni. Basi Coleridge alikuwa na maumivu ya namna tatu kwa pamoja: ya magoti na moyo wake, ya kukosa dawa, na ya kuzidiwa na dawa. Hakuweza kuyatenga, wala waganga wake hawakuweza. Kila alipojaribu kuacha kwa ghafula, yote matatu yalimvamia kwa mara moja, na safari nyingine alikaribia kufa.

Sasa nafika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa niliandika habari hii. Mwezi wa Aprili 1816, tabibu mmoja wa London aitwaye Joseph Adams alimwandikia mwenzake James Gillman, daktari kijana aliyekaa Highgate, kijiji cha mlimani kaskazini ya London. Alimweleza kwamba yuko mtu mwenye elimu kubwa ambaye ametumia kasumba miaka mingi, amejaribu kuacha bila kufaulu, na sasa anatafuta kukaa katika nyumba ya daktari atakayekuwa na ushupavu wa kumnyima. Gillman hakuwa na nia ya kupokea mpangaji. Alikubali kumwona tu. Coleridge akaja, wakazungumza, na daktari akavutwa na mazungumzo yake hata akasahau mashaka yake yote. Tarehe 15 Aprili mshairi aliingia katika nyumba ile. Alikuwa na umri wa miaka 43, na alikusudia kukaa mwezi mmoja.

Kabla ya kuhamia alifanya jambo moja la kiume. Alimwandikia Gillman akimwonya juu yake mwenyewe. Alimweleza kwamba kwa kawaida yeye si mwongo, lakini kwa habari ya kasumba atadanganya. Kwa hiyo asiruhusiwe kutoka peke yake katika siku za kwanza, na watumishi wa nyumba wakatazwe kumletea kitu. Mimi nahesabu barua hii kuwa mwanzo wa kupona kwake, kwa maana mgonjwa na daktari walianza kwa kuambiana kweli.

Gillman alifanyaje? Hakumfungia chumbani akamwacha alie. Alipunguza kipimo kidogo kidogo, na dawa akaishika yeye, ikatolewa kwa saa na kwa kiasi. Mgonjwa akapata chakula kwa wakati wake, usingizi, matembezi milimani, na kampani ya watu wema. Bibi Ann Gillman alimtunza kama ndugu, na watoto wao wawili wakamzoea kama babu. Daktari alipoona kwamba kuacha kabisa hakuwezekani, hakumfukuza. Alikubali kwamba mtu huyu ataishi na kipimo kidogo kinachoangaliwa, mradi aishi, afanye kazi, na maumivu yake yavumilike.

Je, Coleridge alitimiza ahadi zake zote? La, hasha. Ilijulikana baadaye kwamba alikuwa akinunua lodanamu ya ziada kwa siri katika duka la dawa la Highgate. Gillman alikuja kujua. Nyumba nyingi zingalimtoa siku hiyo hiyo, vitabu vyake vikatupwa barabarani. Gillman aliendelea naye. Tena Coleridge hakuwa mlipaji mzuri. Mara nyingi kodi yake ilichelewa, na daktari hakumdai kwa ukali. Ule mwezi mmoja ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka 18. Familia ilipohamia nyumba nyingine Highgate mwaka 1823, walihama naye, wakampa chumba cha juu chenye dirisha lililotazama miti na bustani.

Matunda ya utunzaji huo yako wazi. Katika mwaka ule ule wa 1816 alitoa kitabu chenye mashairi Christabel na Kubla Khan, yaliyokuwa yamelala sandukuni kwa miaka mingi. Mwaka 1817 alitoa Biographia Literaria, kitabu ambacho hata leo husomwa katika vyuo vikuu na kila mtu ajifunzaye uhakiki wa fasihi, na mkusanyo wa mashairi yake uitwao Sibylline Leaves. Mwaka 1825 kikafuata Aids to Reflection. Vijana wenye akili walipanda mlima wa Highgate kila Alhamisi kumsikiliza. Mshairi John Keats alikutana naye njiani mwaka 1819. Mmarekani Ralph Waldo Emerson alimzuru mwaka 1833. Alipatana tena na Wordsworth, na mwaka 1828 walisafiri pamoja mpaka mto Rhine. Mtu ambaye mwaka 1814 alionekana kama maiti itembeayo, alipewa miaka 18 ya kazi na heshima.

Alifariki katika nyumba ya Gillman tarehe 25 Julai 1834, akiwa na umri wa miaka 61. Katika siku za mwisho alipewa lodanamu kwa maumivu, na hakuna aliyemnung'unikia. Lakini alikuwa ameacha ombi moja: maiti yake ipasuliwe na madaktari. Alitaka ijulikane, hata kama ni baada ya kufa, kwamba maumivu aliyoyasema maisha yake yote hayakuwa ya kujitungia. Ikafanywa hivyo. Wakakuta moyo wake umekua kupita kiasi, na kifua chake kina maji. Basi mtu yule aliyeambiwa na marafiki kwamba hana ugonjwa ila ulegevu, alikuwa akibeba moyo mgonjwa kifuani mwake. Kila nisomapo habari hiyo huona huruma kubwa, kwamba mtu ahitaji kufa ndipo aaminiwe kuwa anaumwa. Gillman aliandika sehemu ya kwanza ya historia ya maisha ya rafiki yake, ikatolewa mwaka 1838. Mwaka uliofuata naye akafa.

Sasa nilijibu lile swali la wanafunzi. Kasumba haikumpa Coleridge mashairi. Ni kweli yeye mwenyewe alisema kwamba Kubla Khan lilimjia katika usingizi baada ya kunywa dawa hiyo. Lakini tazameni miaka: alipoitumia kidogo alitunga mengi na mazuri, alipoizidisha, kalamu ilikauka, ahadi zikavunjika, watoto wakakosa baba. Mamilioni ya watu walikunywa lodanamu, na hawakutunga hata beti moja. Kipaji kilikuwa chake. Dawa ilikuja kukila.

Lakini liko somo jingine lililo kubwa zaidi, nalo lawahusu wazazi na hasa ninyi vijana mnaotaka kuwa waganga na wauguzi. Mwaka 1817 Mjerumani Friedrich Sertürner alitangaza habari za mofini, ambayo ndiyo nguvu ya kasumba iliyotengwa safi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Leo heroini ndiyo ule unga unaowapoteza vijana wetu kando ya bahari, tangu Mombasa hata Dar es Salaam. Ugonjwa ni ule ule, na maoni ya watu ni yale yale mawili: wengine wafuata njia ya Southey, wengine njia ya Gillman.

Sayansi imeungana na Gillman. Miaka ya 1960, huko New York, daktari Vincent Dole na daktari Marie Nyswander walionyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa kila siku kipimo cha dawa iitwayo methadoni, chini ya uangalizi, aweza kutulia, akarudi kazini na kwa jamaa zake. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni, pamoja na buprenofini, katika orodha yake ya dawa za lazima kwa uraibu huu. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa wagonjwa methadoni, nao huinywa mbele ya mhudumu. Kipimo kinachojulikana, saa inayojulikana, na mtu wa kukutazama usoni: Gillman angaliutambua mpango huo mara moja.

Na je, mtu wa namna hii akivunjika mguu, au akipasuliwa tumbo, au akipata saratani? Hapo ndipo wengi hukosea. Yuko asemaye: huyu ni mteja wa unga, asipewe dawa ya maumivu, anatudanganya. Mwingine husema: tayari anakunywa methadoni, hiyo yamtosha. Wote wawili wamekosa. Methadoni inywewayo mara moja kwa siku humkinga mtu na arosto kwa siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu haizidi saa 6 hadi 8. Kwa hiyo madaktari wa leo hufundishwa kwamba mgonjwa huyo aendelee na kipimo chake cha kila siku bila kukatizwa, kisha maumivu yake mapya yatibiwe kwa dawa nyingine juu ya hiyo: paracetamol, dawa za kupunguza uvimbe, sindano ya ganzi panapofaa, na hata mofini pakiwa na haja, chini ya uangalizi wa karibu. Aghalabu atahitaji kiasi kikubwa kuliko mtu mwingine, kwa kuwa mwili wake umezoea. Kumnyima hakumponyi uraibu. Maumivu yasiyotulizwa humfanya atoroke wodini, na aendako twakujua. Haya ni mambo ya daktari kupima. Hakuna mtu wa kujaribu nyumbani.

Tena tusigeuze maneno haya tukaiogopa mofini. Mgonjwa wa saratani apewaye mofini na daktari wake kwa maumivu makali asiinyimwe kwa hofu. Dawa ni ile ile. Tofauti ni mkono uishikao.

Kwa vijana wa shule hii nasema hivi: msionje. Coleridge alikuwa na akili kuliko sisi sote, alisoma kuliko sisi sote, na akili yake haikumwokoa. Kwa wazazi ambao tayari wana kijana aliyenaswa nasema: msimfiche, wala msimfunge kamba, wala msimtupe nje. Mpelekeni hospitali iliyo na matibabu haya, na mwendapo mseme kweli yote mbele ya daktari, ametumia nini na kiasi gani. Mkisikia anasema anaumwa, mwaminini kwanza, kisha achunguzwe. Akianguka baada ya kuanza matibabu, mrudisheni tena, kwa maana Coleridge alianguka mara nyingi katika nyumba ya Gillman, na mlango haukufungwa. Na katika ninyi mtakaovaa koti jeupe siku moja, naomba wapatikane wawili watatu wenye ushupavu wa daktari yule wa Highgate: wa kukataa pale panapofaa kukataa, na wa kutuliza maumivu ya mtu ambaye wengine wote wamekwisha kumchoka.